Wimbo Una Mwenyewe: Niliyojifunza kwa Tracy Chapman

Ukiimba kwenye mahoteli ya Pwani miaka mingi kama mimi, unazijua nyimbo utakazoombwa kabla mgeni hajafungua kinywa. Ataomba Malaika. Ataomba Jambo Bwana. Na akiwa mtu wa makamo, akamwona mwanamke mweusi amekumbatia gitaa kavu bila bendi nyuma yake, atasogea kwa adabu aulize kama najua Fast Car. Naijua. Nimeiimba Diani, nimeiimba Nyali na Watamu, kwenye harusi, na safari moja kwenye mkesha wa kumkumbuka marehemu aliyeipenda. Familia waliomba, nami sikuuliza maswali.

Sauti ya Tracy Chapman, Mmarekani mwenye wimbo huo, sijawahi kujaribu kuiiga. Ile ni nzito, ya chini, inatoka kifuani kama ya mtu anayezungumza na jirani ukutani, na yangu ni nyembamba ya taarabu. Nilichokichukua kwake ni kitu kingine, na nilikichukua polepole, nikiwa tayari naula mkate kwa wimbo wake: jinsi mtunzi anavyokaa na kazi yake.

Gitaa nilifundishwa na mjomba wangu, aliyepiga ridhimu kwenye bendi za hoteli za Pwani ya Kusini tangu ujana. Yeye ndiye aliyekuwa na kanda ya albamu ya kwanza ya Tracy, ile yenye picha ya rangi ya udongo, uso umeinama. Ilikuwa imechezwa mpaka upande mmoja sauti inayumba. Maneno hayakumshughulisha sana, Kiingereza cha Wamarekani kilimpita. Alipenda gitaa.

"Sikiliza kidole gumba, mwanangu," aliniambia. "Gumba ndiyo besi. Hivi vingine ndiyo solo. Mtu mmoja, bendi nzima."

Kwa asiyepiga gitaa, nieleze kidogo. Unabana kapo, kile kibano cha nyuzi, kwenye mstari wa pili wa shingo ya gitaa, halafu kodi, yaani mishiko ya nyuzi, ni nne tu, zinazunguka na kurudi beti zote. Hakuna cha kutisha. Kazi iko mkono wa kulia: gumba linadunda uzi mnene, vidole viwili vinajibu kwenye nyuzi nyembamba, na mkono huo hauruhusiwi kukimbia hata maneno yanapokaza mwendo. Hadithi inaharakisha, gitaa linakataa kuharakishwa. Kwenye kiitikio tu ndipo unapouachia mkono ukapiga nyuzi zote pamoja, na hapo ndipo kila mgeni hotelini huinua kichwa kutoka kwenye sahani. Mjomba alinikalisha kwenye beti siku nyingi kabla hajaniruhusu kugusa kiitikio. Nilimchukia kwa hilo. Sasa wanafunzi wangu nawafanyia vilevile.

Hadithi yenyewe ya wimbo ni ya msichana aliyeacha shule amtunze baba mlevi, mama kaondoka, yeye anafanya kazi ya kaunta dukani na kuota kwamba gari la mpenzi wake litawatoa hapo walipo. Mwisho wa wimbo mpenzi amekuwa kama baba: anakesha baa na marafiki, na msichana anamwambia achukue gari lake aende. Tracy amekwisha kusema kwamba si habari za maisha yake yeye. Lakini mazingira aliyajua. Alizaliwa Cleveland, jimbo la Ohio, tarehe 30 Machi 1964, wazazi wakaachana akiwa na miaka minne, akalelewa na mama kwa pesa za kubana. Mama huyo ndiye aliyemnunulia ukulele akiwa na miaka mitatu. Alipofika minane alikuwa na gitaa na ameshaanza kutunga. Hamu ya gitaa ilimjia kwa kutazama Hee Haw, kipindi cha televisheni cha muziki wa kantri, muziki ambao kwao watu wengi wanauona wa Wazungu wa mashambani. Kumbuka hilo la kantri, litarudi.

Akapata nafasi ya ufadhili kwenda shule ya bweni ya Wooster, mjini Danbury, Connecticut. Kule kasisi wa shule aliongoza mchango, walimu na wanafunzi wakatoa walicho nacho, msichana akanunuliwa gitaa jipya. Sisi tungeiita harambee. Kutoka hapo akaingia Chuo Kikuu cha Tufts, karibu na Boston, akasoma anthropolojia na kumaliza. Jioni na wikendi alikuwa akiimba barabarani Harvard Square na kwenye vituo vya treni za chini ya ardhi, boksi la gitaa liko wazi mbele yake, wapita njia wanatupa sarafu. Mimi nimeimba feri ya Likoni ikiwa inasubiriwa, kwa hiyo najua shule hiyo inavyofunza. Mtu anayekimbilia chombo hakuonei huruma. Mstari wa kwanza usipomshika, amekwenda.

Mwanafunzi mwenzake, Brian Koppelman, alikuwa akiandaa maandamano chuoni kupinga ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini, akaambiwa yuko dada mmoja anaimba nyimbo za namna hiyo. Akaenda kumsikiliza, akapagawa. Baba yake Brian, Charles Koppelman, alikuwa mkubwa katika biashara ya uchapishaji wa muziki. Tracy hakuwa na haraka na watu wa kampuni. Ila Brian aligundua kwamba Tracy alikuwa amerekodi nyimbo zake kwenye redio ya chuo, WMFO, akaichomoa kanda moja kwa ujanja akampelekea baba yake. Hapo ndipo njia ya kwenda kampuni ya rekodi ya Elektra ilipofunguka.

Niliposoma kisa hiki sikuvutiwa na ujanja wa Brian. Nilivutiwa na sababu ya kanda kuwepo pale. Tracy alirekodi redioni ili kulinda hakimiliki ya nyimbo zake, na kwa malipo yake redio ikapewa ruhusa ya kuzipiga. Mtoto wa chuo, hana meneja, hana mkataba, hajauza hata kanda moja, na tayari ameweka ushahidi kwamba hizi ni zake.

Mjomba wangu alitunga nyimbo zilizochezewa na watu Ukunda hadi Lamu. Ukimwuliza karatasi iko wapi, anacheka. Mwenye bendi aliandika jina lake mwenyewe, basi. Alinisimulia hilo bila uchungu, jinsi mtu anavyosimulia mvua iliyomkuta njiani, na mimi ndiye niliyebaki na hasira ambazo hata hazikuwa zangu. Na si yeye tu. Malaika tunayoimba kila usiku, Fadhili William ndiye aliyeirekodi akiwa na Jambo Boys, lakini Adam Salim naye alishikilia mpaka uzee kwamba yeye ndiye aliyeitunga zamani kwa ajili ya mpenzi wake. Miriam Makeba kaiimba, Boney M kaiimba, dunia nzima kaiimba, na sisi wenyewe wa hapa bado tunabishana ni ya nani. Ukiwauliza wanamuziki watatu wazee utapata majibu manne. Jambo Bwana ina afadhali, kwa sababu Them Mushrooms walioitoa mwaka 1982 wako wazi kwamba mtunzi ni Teddy Kalanda Harrison. Bado kuna wageni wanaoniambia huo ni wimbo wa asili, wa "watu wa kale". Wa kale gani, wakati mwenyewe tunamjua kwa jina?

Sasa Wembley. Siku hiyo, 11 Juni 1988, uwanja ule wa London ulijaa kwa tamasha la kumtakia Nelson Mandela heri ya miaka 70, naye Mandela yuko gerezani Pollsmoor. Albamu ya Tracy ilikuwa na miezi miwili tu sokoni. Alikuwa amekwisha kuimba sehemu yake fupi mchana na kumaliza. Jioni ikafika zamu ya Stevie Wonder, na ghafla ikaonekana kwamba diski yenye muziki wa kinanda chake cha kompyuta haipo. Akaondoka jukwaani kwa uchungu. Uwanja mzima unasubiri, televisheni za nchi zaidi ya 60 ziko hewani. Nani anaweza kupanda sasa hivi, bila kufunga vyombo, bila kupanga ngoma, bila mafundi mitambo kuhangaika? Yule mwenye gitaa moja. Tracy akarudishwa, maikrofoni mbili, akaimba Fast Car. Inasimuliwa kwamba kabla ya siku hiyo albamu ilikuwa imeuza nakala kama 250,000, na wiki mbili baadaye zimefika milioni mbili. Stevie naye baadaye alirudi akaimba kwa vyombo vya kuazima, watu husahau hilo.

Wengi huisimulia Wembley kama habari ya bahati. Mimi nimekuwa jukwaani umeme ukikatika, jenereta la hoteli likigoma, kinanda kimekufa, spika zimekufa, meneja anapita huku na huku na tochi. Kinachobaki kinafanya kazi ni mbao na nyuzi. Wimbo ambao umetungwa uweze kusimama na gitaa peke yake hauhitaji kuokolewa na mtu. Tangu nielewe hivyo, kila ninachotunga nakipima gizani kwanza: kikihitaji mdundo wa kompyuta ndipo kivutie, nakirudisha kwenye daftari.

Februari 1989 akapata tuzo tatu za muziki za Grammy kwa mpigo: msanii mpya bora, uimbaji bora wa kike wa pop, na albamu bora ya folk ya kisasa. Miaka minane baadaye akaongeza ya nne, wimbo bora wa rock, kwa Give Me One Reason. Huo alikuwa akiuimba jukwaani tangu miaka ya themanini, akautoa kwenye albamu ya 1995. Mtu kakaa na wimbo miaka mingi, haujamwunguza mfukoni! Vijana wanaonijia siku hizi wakitunga asubuhi, jioni wameshaupandisha YouTube, na kesho yake wanalalamika hausikilizwi.

Baadaye akanyamaza. Albamu ya nane, ya mwisho hadi leo, ni ya 2008. Ziara ya mwisho ni ya 2009. Akawa anajitokeza mara moja moja kwenye televisheni, na maisha yake ya nyumbani hayajulikani, wala hajamdai mtu ayajue.

Kimya hicho ndicho kilichonifanya nishangae mwaka 2023, wakati simu yangu ilipojaa ujumbe wa marafiki: "Umesikia Mzungu wa kantri kaimba Fast Car?" Ni Luke Combs, kutoka North Carolina, ambaye aliuzoea wimbo huo akiwa mtoto ndani ya gari la baba yake. Kenya, msidharau, ina mashabiki wa kantri kuliko mnavyodhani. Basi la usiku la kwenda Nairobi lisilo na Kenny Rogers halijakamilika. Kwa hiyo wimbo uliingia huku kwa mlango wa pili, na wageni wakaanza kuniomba "ule wa Luke Combs". Nilikuwa nawasahihisha mpaka meneja akaniomba niache.

Nilimsikiliza huyo Luke kwa masikio ya kutafuta kosa, na nikamheshimu kwa jambo moja. Hakubadilisha kitu. Hata pale mwimbaji anapojiita msichana wa kaunta, dume lile lenye ndevu linaimba hivyohivyo, msichana wa kaunta. Ameuchukua wimbo kama ulivyo, akijua anaimba vya watu.

Wimbo ukapanda mpaka namba mbili kwenye chati kuu ya Billboard, ilhali ule wa Tracy mwenyewe mwaka 1988 uliishia namba sita. Watu wakakasirika mitandaoni, wakasema Mzungu kamfunika mama. Hapa ndipo nilipokaa na daftari nikafuatilia pesa, kwa sababu mimi ni mtoto wa ndugu yake mwanamuziki aliyedhulumiwa na pesa nazifuatilia. Sheria ya Marekani ina jambo la ajabu: redio ya kawaida inapopiga rekodi, humlipa mtunzi na mchapishaji. Mwimbaji wa rekodi hiyo redio haimlipi kitu. Kila kituo cha kantri kilichompiga Luke Combs kiangazi kile kilikuwa kinamlipa Tracy Chapman, ambaye aliutunga wimbo peke yake na bado ameushika. Jarida la Billboard lilikadiria katikati ya mwaka kwamba toleo hilo limeshamwingizia haki za utunzi za zaidi ya dola nusu milioni. Yuko kwake, ametulia, wala hajabeba boksi la gitaa. Novemba mwaka huohuo chama cha muziki wa kantri, CMA, kikampa tuzo ya wimbo bora wa mwaka, mtunzi wa kwanza mweusi kuipata. Hakwenda hata kuichukua, alituma salamu za shukrani zikasomwa. Mtoto wa Hee Haw.

Upande wa pili wa kushika ni kukataa. Mwaka 2018 rapa Nicki Minaj alitaka kutumia wimbo wake mwingine ndani ya wimbo mpya. Watu wake wakaomba ruhusa, Tracy akakataa, wakaomba tena, akakataa. Wimbo haukuwekwa kwenye albamu, lakini ukavuja na kupigwa redioni New York. Tracy akaenda mahakamani, na mapema 2021 ikajulikana wamemaliza kwa malipo ya dola 450,000. Wapo waliomwita mchoyo. Mimi nakumbuka tu kwamba hakuwa ameombwa atoe sababu. Ameulizwa, amejibu.

Mimi nami limenikuta langu dogo. Prodyuza mmoja, jina nitaliacha, alipenda wimbo wangu wa wachuuzi wa samaki. Akaniambia ataurekodi bure, mradi jina lake liandikwe kuwa mtunzi mwenza, nusu kwa nusu. Alikuwa ameongeza nini? Mdundo. Mdundo mzuri, sikatai. Nikampigia mjomba.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mbona sauti hiyo?"

Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, nikasikia redio yake nyuma. "Maneno nani kaandika?"

"Mimi."

"Sauti ya wimbo?"

"Mimi, mjomba."

"Basi huyo mlipe ufundi wake kama unavyomlipa fundi wa cherehani. Fundi wa cherehani harithi nguo."

Nikachanga, nikalipia studio, wimbo ukabaki wangu wote. Kabla ya kumpelekea mtu yeyote chochote sasa hivi huwa nimeshajirekodi kwa simu, tarehe imetajwa kwa mdomo, maneno yamechapwa, na wimbo umeandikishwa. Kwetu Kenya watunzi wamekuwa na chama chao cha mirabaha, MCSK, waimbaji na wapigaji wana chao, PRISK, na hakimiliki ya mtunzi hudumu maisha yake na miaka 50 baada ya kufa. Vurugu za vyama hivyo na ugawaji wa mirabaha sitaingia huko leo, nitaharibu chakula changu cha jioni. Ila karatasi isipokuwepo, hata hiyo vurugu haikuhusu.

Kuna mahali Tracy na mimi tunaachana njia. Kile kimya cha miaka, mimi siwezi. Masika ikiingia Aprili, hoteli nusu zinafunga, wageni wanakwisha, na kodi ya nyumba haijui habari za msimu. Mtu aliyeuza mamilioni anaweza kuchagua kutoonekana. Mimi nisipoonekana wiki tatu, meneja ameshampata kijana mwenye kinanda na nyimbo za kompyuta. Kwa hiyo nikisikia watu wakimsifu Tracy kwa kujitenga kana kwamba ni tabia njema tupu, huwa nataka kuwauliza kodi analipa nani. Hata hivyo nilimwangalia usiku ule wa 4 Februari 2024, Los Angeles, alipotokea kwenye Grammy pamoja na Luke Combs. Kamera ilianzia mikononi, kwenye nyuzi, na nikautambua ule mkono wa kulia usiokimbia kabla sijaona uso. Alikuwa anakaribia miaka 60. Ukumbi ukasimama. Luke alikuwa anamwangalia jinsi mwanafunzi wangu anavyoniangalia nikiwa nimemshikia gitaa lake.

Wimbo ninaotunga sasa ni wa feri, na safari hii siko peke yangu. Kijana mmoja wa Kwale anapuliza nzumari, na ile sauti ya kufungulia ni yake kabisa, aliitoa yeye nikiwa natafuta kodi za gitaa. Nikamwambia tukae tuandike nani ana nini kabla hatujarekodi. Alinitazama kana kwamba nimemtukania mama. "Dada, sisi si tunaaminiana?" Nikamwambia ndiyo maana tunaandika sasa, tukiwa bado tunaaminiana. Alitaka theluthi, nikatoa robo. Tumebishana jioni nzima chini ya mwembe, mamake akituletea chai na kuuliza kama tumegombana. Ametia sahihi kwenye robo, na bado ananiita bahili.